Kava la visu lililolala kushoto: shajara ya trekta dogo la kukatia majani, Tabora

Jumatatu, mwishoni mwa Novemba

Mvua za kwanza zimenyesha, ukoka wa kiwanja umeamka wote kwa mkupuo, na trekta la shule limetolewa bandani na tatizo lake lilelile la mwaka jana. Upande wa kushoto linanyoa mpaka mchanga unaonekana, upande wa kulia linaacha vishungi. Ukisimama kwenye ngazi za bweni unaiona michirizi kiwanja kizima, mmoja wa kijani, mmoja wa kahawia.

Kwa wasiolifahamu, ni trekta la bustani la kukalia, injini iko mbele ya dereva, na kava la visu linaning'inia chini ya tumbo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Lilikuja zamani ndani ya kontena la misaada, na jina la kampuni limeshababuka kwenye boneti. Kinachosomeka ni kibati cha injini: Kohler, silinda moja, nguvu farasi 16. Kava lina upana wa inchi 48 na visu vitatu. Kimo cha kukata kinapangwa kwa leva iliyo kulia mwa kiti, ambayo inaingia kwenye bamba lenye meno sita. Jino la kwanza ndilo la chini kabisa.

Mzee anayeliendesha amelikalia tangu kabla sijaajiriwa hapa. Maelezo yake ni mafupi: "Fundi, jino la tatu la leo silo jino la tatu la jana." Nimeyaandika ukutani kwa chaki, kwa sababu tatizo lote limo humo. Kava kulala upande tu lingekuwa jambo la nati moja. Kava kukaa mahali tofauti kila ukilishusha maana yake kuna kitu kinacheza.

Tangu asubuhi kila anayepita karakana ana dawa, na dawa zote ni moja: kaza nati ya kushoto. Sikazi. Kati ya ncha ya kisu na ardhi kuna tairi, ekseli, fremu, mikono ya kunyanyulia, pini, vyuma vya kuning'iniza, kava lenyewe, beringi na shafti ya kisu. Nati ya kusawazisha inaguswa baada ya hivyo vyote kuthibitika. Ukiianza hiyo, unaficha kasoro moja kwa kutengeneza nyingine, na mvua ikichanganya unarudi palepale.

Jumatano

Sakafu kwanza. Karakana yetu ni ya udongo ulioshindiliwa, huwezi kupimia milimeta hapo. Jirani kuna ghala la chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Tumbaku ya msimu uliopita ilishauzwa na kwa sasa wameweka mbolea upande mmoja tu. Mlinzi tulisalimiana naye "Mwangaluka, baba," tukataniana kidogo, akatupa kona nzima. Nilimwazima mwashi mmoja mpira wake wa maji, ule mweupe wanaopimia msingi wa nyumba, tukapima sehemu nne yatakapokaa magurudumu. Tofauti haikuzidi milimeta 2. Nimechora mistari ya chaki kuzunguka tairi zote, ili kila likitoka na kurudi likae palepale.

Kipimo cha kuanzia, leva ikiwa jino la tatu, visu vimeelekezwa kushoto na kulia: ncha ya nje ya kushoto iko milimeta 38 kutoka sakafuni, ya kulia milimeta 60. Tofauti ni milimeta 22. Hizo ndizo ninazozitafuta zimetoka wapi, na nitazihesabu moja moja.

Upepo. Tairi za nyuma ni 23x8.50-12, za mbele 16x6.50-8, za majani, pana na laini. Hazitaki upepo mwingi. Matrekta mengi ya aina hii hutakiwa psi 10 hivi nyuma na psi 14 hivi mbele. Geji ilisoma psi 6 nyuma kushoto na psi 16 nyuma kulia. Vijana wa kujaza upepo barabarani wamezoea pikipiki na bajaji. Wanajaza mpaka tairi lilie ukiligonga, na mtu akishalipeleka moja tu lililolala, trekta linarudi na mguu mmoja mrefu. Tulisawazisha zote. Kushoto kukawa 42, kulia 57. Milimeta 7 zimepatikana kwa geji ya upepo, spana bado zimo kwenye sanduku.

Ijumaa

Leo ni visu, kwa hiyo jambo la kwanza ni waya wa plagi: nimeuchomoa na kuufunga mbali na plagi, funguo iko mfukoni mwangu. Visu hivi vimeunganishwa na injini kwa mkanda, na ukikizungusha kimoja kwa mkono huku klachi imeshika unaweza kuizungusha na injini pia. Kijana anayenisaidia aliuliza kama inatosha kuzima swichi. Haitoshi. Pia, kila ninapoingiza mkono chini, trekta limekalia magogo manne; wakati wa kupima linashushwa ndani ya mistari ya chaki. Jeki ya kunyanyulia ipo, lakini hakuna anayeingiza mkono chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Kujua kisu kilichopinda ni rahisi na watu hawafanyi. Weka alama ya chaki kwenye ncha moja, pima kutoka sakafuni, kisha zungusha kisu nusu mzunguko ili ncha ya pili ije mahali palepale, upime tena. Kava halijasogea, sakafu haijasogea, kwa hiyo tofauti yoyote ni ya kisu au shafti yake. Kisu cha kati na cha kulia vilitofautiana chini ya milimeta 1. Cha kushoto: ncha moja 42, ya pili 50. Kimepinda milimeta 8, na shafti yake iko sawa, nilijaribu kwa kisu kingine juu ya shafti hiyohiyo. Ncha ya chini ndiyo iliyokuwa inachimba mchanga, kwa sababu kisu kinapozunguka, kimo cha kukata kinaamuliwa na ncha iliyo chini.

Hapa palitokea mjadala. Kijana alitaka kukinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Mwingine akapendekeza tuchonge kipya kutoka springi ya gari, chuma kigumu, hakitapinda kamwe. Nimekataa yote mawili na sababu ni hesabu. Puli ya injini ina kipenyo cha inchi 5, ya kisu inchi 6. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, kisu kinazunguka mara 3,000. Kisu kina urefu wa inchi 17, yaani sentimeta 43. Ncha yake inasafiri meta 67 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilometa 240 kwa saa. Chuma kilichopindwa baridi na kunyooshwa baridi kinaweza kubeba ufa usiouona. Cha springi hakipindi kweli. Kinakatika, na kipande kinatoka pembeni mwa kava kwenda kwa wanafunzi. Stoo tulikuwa na seti moja ya visu halisi tangu enzi za kontena. Nimefunga cha kushoto kipya, na vyote vitatu nimevinoa kwa grinda na kuvipima uzani kwa kuvitundika kwenye msumari: upande unaoshuka unanolewa zaidi kidogo, kwa mgongo wa kisu, mpaka kikae mlalo.

Beringi: nilishika kila kisu kwenye ncha zake mbili nikakitikisa juu chini. Cha kati kilikuwa kinacheza na kinatoa sauti ya mchanga. Beringi zake ni 6204, namba inayopatikana mjini bila shida. Chukua zenye mpira pande zote mbili, vumbi la kiangazi hapa linaingia popote.

Kipimo cha jioni: kushoto 46, kulia 57. Zimebaki 11.

Jumamosi

Leo nimeshika kona za kava kwa mikono miwili na kuzinyanyua, leva ikiwa imefungwa kwenye jino. Kona ya kushoto ilipanda milimeta 14 kabla chuma hakijakutana na chuma. Ya kulia ilipanda 5.

Kava zito likining'inia linashuka mpaka mwisho wa ulegevu wake. Kushoto limeshuka 14, kulia 5. Tofauti ni 9, kati ya zile 11 zilizobaki. Na hapo ndipo lilipo jino la tatu la leo na la jana: ukishusha leva polepole, pini iliyolika inakwama mahali popote ndani ya tundu lake kwa kutu na vumbi, kisha trekta likiruka kishimo kimoja kava linadondoka hadi chini. Limekuwa kama kitanda cha kamba kilicholegea upande mmoja; haijalishi umekiweka sakafu gani.

Tumelishusha kava lote. Ni kazi ya watu wawili: toa mkanda kwenye puli ya injini, chomoa pini za nyuma, kisha vyuma viwili vya mbele, pandisha leva juu, halafu geuza magurudumu ya mbele yote upande mmoja na uliburute kava litoke upande wa pili. Angalizo kwa leva: ina springi kubwa ya kusaidia kunyanyua. Kava likishaondoka leva haina uzito wa kuizuia, na inarudi kwa nguvu inayoweza kuvunja kidevu. Mzee analijua hilo vizuri, ana kovu.

Matundu yalikuwa ya inchi nusu, yaani milimeta 12.7. Upande wa kushoto yamekuwa ya duaradufu, mapana milimeta 16 na zaidi, na pini zimeliwa katikati mpaka zina kiuno. Kwa nini kushoto zaidi ya kulia? Kava linatupia majani kulia, kwa hiyo dereva hukata akiwa ameweka upande wa kushoto kwenye kingo, mizizi na mawe ya mpaka. Upande huo ndio unaogonga.

Jino la tatu nalo limeviringika, kwa sababu ndilo linalotumika kila siku. Mengine yote ni mazima.

Jumanne, Desemba imeanza

Mkerezaji wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, amekubali kazi. Nilimpelekea maelezo haya, nayaandika kwa ukamilifu kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mikono ya kunyanyulia ni bamba la milimeta 6 tu. Pini inakalia milimeta 6 za chuma, uzito wote wa kava unabebwa pale, na kila mtikisiko unasaga. Ukichomelea tundu na kulitoboa upya, umerudisha kitu kilekile kilichochakaa mara ya kwanza, na kitachakaa tena. Kwa hiyo nimeagiza bushi za chuma laini, urefu milimeta 20, kipenyo cha nje milimeta 18, tundu la ndani milimeta 12.2. Bamba linatobolewa hadi milimeta 18, bushi inapita, inachomelewa pande zote mbili. Sasa pini inakalia milimeta 20 badala ya 6.

Pini za inchi nimeachana nazo. Boliti za milimeta 12 zenye alama ya uimara ya 8.8 zinapatikana maduka ya vipuri mjini; za inchi nusu unazunguka nusu siku na unaletewa laini zisizo na alama. Ila chagua boliti ndefu yenye shingo laini, isiyo na nyuzi, ili sehemu inayokaa ndani ya bushi iwe ile laini. Nyuzi zikikaa ndani ya bushi zinafanya kazi ya tupa. Nyuzi zinazobaki nje zinapata nati yenye plastiki ndani, iliyokazwa mpaka iguse na kurudishwa kidogo, boliti izunguke kwa mkono. Hiki ni kiungo, kinatakiwa kitembee.

Kila bushi ina tundu dogo juu na nipeli ya grisi. Trekta hili lilitoka kiwandani bila nipeli sehemu hizo, na sioni sababu ya kuheshimu uamuzi huo.

Alhamisi

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa nane. Hakuna jipya.

Ijumaa

Bushi zimekuja, safi. Kuchomelea kumefanyika karakana kwetu. Mambo matatu nimeyasimamia mwenyewe. Waya wa betri umetolewa kabla ya kitu chochote. Klempu ya ardhi imebanwa kwenye mkono uleule unaochomelewa, sentimeta chache kutoka bushi. Ukiibana mbali, umeme unatafuta njia kupitia beringi na kuzitia vidonda. La tatu ni mstari: tulipitisha fimbo iliyonyooka ya milimeta 12 kutoka bushi ya kushoto hadi ya kulia, tukatia vidoti vinne vinne, tukaizungusha fimbo kuhakikisha bado inatembea, ndipo tukamalizia. Bushi zikiwa zimepishana hata kidogo, kava linabana upande mmoja na leva inakuwa nzito.

Jino la tatu limejazwa kwa kuchomelea na kupigwa tupa mpaka likafanana na la nne. Kijana ndiye aliyelipiga tupa, na ana mkono mzuri.

Jumamosi

Kava limerudi chini ya tumbo, ghalani, ndani ya mistari ya chaki, upepo umepimwa tena kwa sababu tairi la nyuma kushoto limeshaanza kuvuja taratibu. Kunyanyua kona kwa mkono: haionekani kusogea. Jino la tatu: kushoto 60, kulia 62.

Zimebaki milimeta 2. Ndizo peke yake zilizokuwa za nati ya kushoto katika zile 22. Angeikaza mtu siku ya kwanza ingebidi azungushe nyuzi nyingi mno, na tairi likijazwa upepo siku nyingine kava lingelala kulia.

Nati hiyo iko juu ya chuma cha kuning'iniza cha nyuma kushoto, ya inchi 3/8 yenye nyuzi 16 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimeta 1.6. Mzunguko mmoja na robo, tukapima: 62 na 62. Watu wengi wanaridhika na tofauti ya milimeta 3, nami ningeridhika nayo.

Kuhusu kupima: futi ya kukunja ina ncha ya bati inayocheza, inakudanganya milimeta moja hivi. Natumia rula ya chuma inayosimama wima. Na napima ncha ya kisu, upande wenye makali, nimevaa glovu. Kuna njia maarufu ya kuweka vibao vya kimo kimoja chini ya ukingo wa kava na kuliacha likalie. Ni ya haraka, ila ukingo wa kava siyo kisu. Kwetu visu viko milimeta 20 juu ya ukingo, na ukingo wenyewe umebondeka sehemu nyingi. Mimi nimechonga vibao viwili vya mninga kwa ajili ya kulishikilia kava tu wakati wa kufunga pini.

Sasa mbele na nyuma. Visu vikaelekezwa kufuata urefu wa trekta: ncha ya mbele 66, ya nyuma 61. Mbele iko juu kwa 5, na inatakiwa iwe chini kwa milimeta 3 hadi 6. Sababu ni kwamba kisu kinakata jani kikiwa mbele, halafu nusu ya nyuma ya mzunguko inapita juu ya jani lililokwisha kukatwa. Mbele ikiwa juu, nyuma ndiyo inayokata, na mbele inapiga jani bila kulikata kwenye kimo cha mwisho; kila jani linapigwa mara mbili, injini inafanya kazi mara mbili, na ncha za majani zinachanika zinakuwa za kahawia kesho yake. Nilikuwa nimeona hizo ncha za kahawia na mtu akaniambia ni ukosefu wa mbolea.

Vyuma viwili vya mbele vina nati mbili kila kimoja, ya kurekebisha na ya kufungia. Legeza ya kufungia, kisha zungusha ya kurekebisha kiasi sawasawa kushoto na kulia, la sivyo unaharibu usawa wa pembeni uliokwisha kuutafuta. Tulishusha mbele, tukapima, tukashusha tena. Mwisho mbele 58, nyuma 63. Pembeni bado sawa. Tukafunga nati za kufungia.

Kwa kuwa ncha ya mbele ndiyo inayokata, kimo halisi cha jino la tatu ni 58. Nimepima meno yote kwa ncha hiyo: la kwanza 25, la pili 42, la tatu 58, la nne 74, la tano 88, la sita 100. Hatua zinapungua kadiri unavyopanda kwa sababu mikono inazunguka kwenye tao, haipandi wima. Kuna namba zilizochorwa zamani pembeni mwa bamba hilo, inchi na nusu inchi, na hakuna hata moja inayolingana na kitu.

Jumatatu

Vigurudumu vya pembeni vya kava, vile vidogo vya plastiki. Mtu fulani aliwahi kuvishusha tundu la chini kabisa ili vibebe kava, akidhani ndivyo kimo kinavyopangwa. Matokeo yake kava lilikuwa linaburutwa likiwa limewakalia hao wadogo, cha kushoto kimelika nusu na ekseli yake imepinda. Kazi yao ni moja: kava likifika juu ya kichuguu au mzizi, wao waguse kwanza na kulinyanyua kabla kisu hakijachimba. Kwenye sehemu tambarare hawatakiwi kugusa chini. Nimewapandisha mpaka wakae milimeta 10 juu ya sakafu, leva ikiwa jino la tatu. Ukitaka kukata kwa jino la pili uwapandishe tundu moja kwanza, wakati injini imezimwa.

Jumatano, kiwanjani

Ukoka ulikuwa umefika sentimeta 12. Mwalimu wa michezo alitaka siku hiyohiyo ushushwe ufanane na wa viwanja anavyoviona kwenye televisheni. Nimemwambia, "Mwalimu, ule wanaufikisha milimeta 25 au 30, ardhi yao imesawazishwa na mashine zao zina visu vya kuviringika. Huu wetu una vichuguu." Tukakubaliana: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Kutoka 120 tumeshuka hadi jino la tano, 88. Tutaacha siku chache, tushuke jino la nne, 74, na siku chache tena, ndipo jino la tatu, 58. Hapo ndipo patabaki msimu wote wa mvua. Ukoka ungestahimili chini zaidi, kiwanja ndicho hakistahimili.

Michirizi haipo. Mkanyago wa tairi unaonekana kidogo na baada ya kutwa moja unapotea.

Injini nayo ina la kusema kuhusu kimo. Tabora iko meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta ya aina hii hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila meta 300. Nguvu farasi 16 za kwenye kibati hapa hazifiki 14. Ukishusha kava kwenye majani marefu mabichi, utaisikia injini inazama, visu vinapunguza kasi, na kisu cha polepole kinachana badala ya kukata. Mzee alikuwa na tabia ya kupunguza mafuta akiingia kwenye majani mazito ili "asiiumize." Tumezungumza. Mafuta yabaki juu kabisa, kinachopunguzwa ni gia.

Njia ya miembe ni habari nyingine. Ni msimu wa maembe na chini ya kila mti kuna maembe yaliyooza na kokwa. Kokwa kavu ikigongwa na kisu inatoka na mlio wa risasi, na moja ilitoboa karatasi ya dirisha la stoo. Kuanzia sasa wanafunzi wa zamu wanaokota kabla trekta halijapita, na chini ya miembe yote ni jino la tano, kwa ajili ya mizizi. Mbele ya ofisi, kwenye majani ya Pemba yenye jani pana, ni jino la nne. Ukiyanyoa mafupi yanaonyesha vikonyo na hayarudi upesi.

Katikati ya Januari

Trekta limerudi ghalani kwa ukaguzi, ndani ya mistari ileile. Kushoto 61, kulia 62. Mbele 57, nyuma 62. Ulegevu kwenye pini hausikiki kwa mkono. Nati moja ya kufungia, mbele kulia, ilikuwa imeanza kujilegeza. Nimeongeza washa ya springi pande zote mbili. Grisi inaingia kila nipeli, na inatoka chafu, kwa hiyo itatiwa kila baada ya kukata kiwanja kizima.

Tairi la nyuma kushoto bado linavuja. Limetiwa tyubu. Geji ya upepo imetundikwa kwenye msumari pembeni mwa funguo ya trekta, na Mzee hapewi funguo mpaka aseme namba zote nne za upepo.

Meno yamepakwa rangi: la tatu nyeupe, la nne njano, la tano nyekundu. La kwanza na la pili nimeyaziba kwa boliti, naye mwalimu wa michezo ameshauliza boliti hiyo inafunguliwa kwa spana namba ngapi. Mvua zikielekea kuisha, mwezi wa nne au wa tano kutegemea mwaka, kiwanja kitahamia jino la njano, ili ukoka uingie kiangazi ukiwa na jani la kutosha kukinga mizizi yake.

Kinachosubiri: ekseli mpya ya kigurudumu cha kushoto, na kisu cha akiba kimoja zaidi, kwa sababu seti ya stoo sasa imepungua. Kiungo cha juu cha mkono wa kulia bado hakijatiwa bushi. Mkerezaji anavyo vipimo na itafungwa likizo ya mwezi wa sita, kava likishashushwa kwa ajili ya kupakwa rangi ndani.